Chumvi pekee haizai kambamiti

SINGIDA – Mwenye mtaji anayeyatazama maziwa ya Singidani na Kindai anaweza kuvutiwa na ufugaji wa kambamiti: maji ni ya chumvi na bidhaa ina bei. Afikiri mara mbili.

Kambamiti huishi sehemu mbili. Jike kubwa hutaga mayai laki kadhaa baharini. Watoto husukumwa na mikondo hadi kwenye mikoko, kama ya Delta ya Rufiji, wakakulia humo miezi michache kabla ya kurudi baharini kuzaa.

Maziwa ya Singida hayana njia ya kwenda baharini. Mbegu italazimika kununuliwa Pwani na kusafirishwa ikiwa hai karibu kilomita 700. Tena chumvi ya ziwa si ile ya bahari, na hukolea wakati wa ukame.

Hata Pwani mali hii huyumba: kuanzia msimu wa 2008 Serikali ilisimamisha meli za kuvua kambamiti, mavuno yaliposhuka.

Kabla shilingi haijatoka mfukoni, maji yapimwe maabara na vifo vya njiani viingizwe kwenye gharama. Hesabu ikigoma, alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji wa Singida vina soko lake.