Zumari Halijifundishi

Ipo kauli ipendezayo masikioni lakini yaua polepole: kwamba muziki wa jadi haufundishwi bali hurithiwa kwa damu, na kwamba ukiingizwa darasani hunyauka. Kauli hii haitoki kwa maadui wa muziki huo. Hutoka vinywani mwa wapenzi wake, na ndiyo maana madhara yake ni makubwa. Basi na ipimwe kwa maisha ya Leo Rowsome wa Ireland.

Rowsome alizaliwa Dublin mwaka 1903, katika ukoo wa wapiga zumari. Babu yake, Samuel, alilipiga huko Wexford. Baba yake, William, alikuwa mpigaji na fundi wa kuziunda ala hizo. Zumari la Ireland si jepesi. Mpigaji halipulizi kwa kinywa. Hukaa, akakandamiza kwa kiwiko kimoja mvukuto unaoujaza upepo mfuko ulio chini ya kiwiko cha pili. Vidole hucheza juu ya bomba la sauti kuu, ilhali mabomba mengine yanavuma bila kukoma. Matete yake huathiriwa na unyevu na ukavu wa hewa, na asiye na fundi karibu huishia kumiliki pambo la ukutani. Damu ya ukoo haichongi tete.

Lau damu ingetosha, Rowsome angekaa akaula urithi wake. Badala yake, kabla hajatimiza miaka 20, alianza kufundisha katika shule ya muziki ya manispaa ya Dublin, na kazi hiyo hakuiacha kwa takriban miaka 50. Mwaka 1936 alikifufua chama cha wapiga zumari cha Dublin kilichokuwa kimelala, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chake cha mafunzo. Ala nazo aliziunda na kuzikarabati kwa mikono yake. Santuri yake ya mwaka 1959 ilimpa jina la Mfalme wa Wapiga Zumari; walakini taji hilo ni dogo mbele ya darasa lake, kwani mfalme asiye na mrithi huzikwa na ufalme wake.

Watetezi wa damu wana hoja moja yenye uzito: kwamba mwalimu mmoja huzaa sauti moja, na shule huwafanya wanafunzi wote wafanane kama matofali ya kalibu moja. Hatari hiyo ipo. Lakini watazamwe waliopita mikononi mwa Rowsome. Paddy Moloney alianzisha kundi la The Chieftains mwaka 1962, akaupeleka muziki huo katika majukwaa ya dunia. Liam O'Flynn alianza kwa Rowsome, kisha akachota kwa Willie Clancy na kwa Séamus Ennis, akawa mpigaji wa Planxty mwenye sauti yake mwenyewe. Nani atasema hawa wawili ni nakala? Darasa liliwapa msingi. Nyumba kila mmoja aliijenga kwa ramani yake.

Rowsome alifariki mwaka 1970 huko Sligo, alikokwenda kuwa mwamuzi wa mashindano ya muziki. Hata siku ya mwisho alikuwa akiwasikiliza wengine. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji wa zumari hilo katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika. Heshima hiyo ni njema, lakini haikuwa mbegu, ilikuwa mavuno. Orodha haimfundishi mtoto mahali pa kuweka kidole.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Ni kweli, na aghalabu hutuzwa akiwa jukwaani, au akiwa kaburini. Anayesahauliwa ni yule aliyemfundisha kucheza, anayelipwa kwa shukrani na kuombwa asubiri. Kila penye fedha za sherehe na pasipo mshahara wa mwalimu, wala karakana ya fundi, maombolezo ya muziki wa jadi ni unafiki. Anayeutaka uishi na aanze kwa kulipa darasa la wiki hii. Sifa za marehemu zitangoja.