Jahazi na machweo vimetosha

Jamani, tuliache jahazi lipumzike. Kijana wa Kilwa au Lindi akisema anataka kujifunza kuchora, anaelekezwa pale pale: mnazi pembeni, jahazi katikati, jua linazama, mtalii ananunua. Akitaka mandhari dhahania, ya kubandika na kupaka vitu mbalimbali, anaambiwa eti hayo ni ya Wazungu, na bila akriliki na kanvasi ya dukani asijisumbue.

Sikubali. Nendeni Kilwa Kisiwani mkatazame kuta: matumbawe, chokaa, mchanga, ukungu mweusi, mizizi iliyopenya, mvua ya miaka mia kadhaa. Katika misikiti na makaburi ya pwani hii mafundi walipachika bakuli za kauri za China ndani ya chokaa, karne nyingi kabla Picasso na Braque hawajabandika karatasi kwenye picha zao mwaka 1912. Majirani zetu Wamakonde wana uchongaji wa mtindo wa mawingu, usio na uso wala mguu. Huo nao ni wa kuja? Na Edward Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli. Hakusubiri kanvasi.

Anayefundisha basi aanzie mikononi. Hadibodi, gundi ya mbao, chokaa, kipande cha tanga kuukuu, kamba ya katani, maji ya magome ya mkoko yenye wekundu wa kutu. Mchanga wa pwani uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa. Chumvi ikibaki huvuta unyevu, na rangi itabanduka tu. Paka tabaka, likauke, paka jingine, halafu kwangua. Kukwangua ndiko kunakofundisha kuliko kupaka (wanafunzi hukuogopa, wanaona wanaharibu). Hapo maji kupwa yanaanza kuonekana bila ngalawa hata moja.

Mtasema haitauzwa. Itauzwaje, na mezani tunaweka majahazi peke yake?

Ila magofuni msiokote hata kigae. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikaa miaka kumi, 2004 hadi 2014, kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Sahani zinavunjika kila nyumba. Ombeni hizo.