Macho ya Mama hayana kosa, kosa liko kwenye fomu

Wakimbizi wenzetu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, leo tuseme wazi.

Hapa Kamenge tuko na mashini chache tulizopewa. Kioo ni kidogo, inchi 13, lakini kina nukta 1920 kwa 1080. Picha zinang'aa, sawa. Herufi sasa! Ni kama punje za ulezi. Kijana anainama mpaka pua iguse kioo. Mzee anaacha, anarudi nyumbani.

Dawa iko. Unakuza ukurasa mpaka asilimia 200. Chrome na Firefox zinaijua kazi hiyo tangu miaka mingi: herufi inachorwa kwa nukta nyingi zaidi, inakuwa kubwa na bado safi. Lakini piga hesabu: 1920 gawanya kwa mbili, unabaki na nafasi ya 960. Fomu iliyofungwa kwa upana wa 1200 haiingii tena. Upande wa kulia unapotea, na kitufe cha "Tuma" kinapotea nao.

Mwezi uliopita mama mmoja, jirani yetu, alikuja kujaza fomu ya kuomba msaada. Herufi zikiwa ndogo, haoni. Zikiwa kubwa, kitufe hakuna. Basi tukamsomea sisi. Tukafika kwenye swali: ulikimbia kwa sababu gani? Mama yule anajua kusoma vizuri kabisa. Akalazimika kusema kwa sauti, mbele ya vijana wa rika la watoto wake, mambo ambayo mtu anayaandika peke yake. Alisema nusu, akanyamaza. Fomu ilienda na nusu ya ukweli.

Halafu kwenye mikutano tunaambiwa: "Wakimbizi hawajui kompyuta." Hapana! Aliyeshindwa pale ni aliyetengeneza fomu akaijaribu kwenye kioo kikubwa cha ofisini, basi.

Wengine watasema: tumieni simu. Simu ya nani? Fomu ndefu namna ile, kwa simu ya kuazima, na megabaiti za kununua?

Wala hatuombi huruma. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za intaneti, WCAG, unasema tangu 2008 kwamba maandishi yaweze kukuzwa mpaka asilimia 200 bila kupoteza neno wala kazi yoyote. Mwaka 2018 ukaongeza kwamba maandishi yajipange upya hata kwenye upana wa nukta 320, msomaji asisukume ukurasa kushoto na kulia. Mashirika mengi yanapenda neno "ujumuishi". Ujumuishi uanzie hapo.

Na sisi wajitoleaji tujikosoe. Tumezoea kuwasomea watu, tunajiona wakubwa. Kabla ya kushika fomu ya mtu, tumwoneshe kwanza: bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha, herufi zinakua, Ctrl na sifuri, zinarudi.

Kwenu wa mashirika, ombi ni moja: kabla ya kututumia fomu, ifungueni kwenye mashini ndogo kama zetu, kuzeni mpaka 200, mjaze mpaka mwisho. Kitufe kikipotea, fomu hiyo haijakamilika. Msitutumie.

Siri ya Mama ni ya Mama. Mwacheni aisome na kuiandika mwenyewe.

Sambazeni. Tuko pamoja.