Damu ya mtu si kinyesi cha sokwe

Kila unapozuka ugonjwa mpya, wataalamu hukimbilia msituni. Huwapima nyani na sokwe, kisha huwapima watu wanaoishi karibu nao. Kazi hiyo ina faida kubwa. Mwaka 2006 ndipo ilipobainika kwamba virusi vya UKIMWI vilivyoenea zaidi duniani vilitokana na sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun. Ushahidi ulipatikana kwa kuokota kinyesi cha sokwe msituni na kukipima maabara. Hakuna sokwe aliyeombwa ruhusa, na hakuna aliyedhulumiwa.

Kwa binadamu mambo ni mengine.

Mwaka 2004, huko huko Kamerun, ilichapishwa ripoti ya kupima damu ya wanavijiji zaidi ya 1,000 waliowahi kugusa damu au majimaji ya wanyama hao, kwa kuwinda, kuchinja au kuwafuga. Kumi walikutwa na alama za virusi vya nyani viitwavyo foami, vya ukoo mmoja na UKIMWI. Virusi hivyo havijulikani kumdhuru mtu, lakini funzo ni wazi: virusi bado vinavuka kutoka kwa mnyama kuja kwetu. Kwa hivyo kupima ni lazima. Swali ni kupima kwa masharti ya nani.

Watazameni Wahagahai wa milima ya Papua New Guinea, jamii ndogo ya watu mia chache tu. Mwaka 1984 walijitokeza wenyewe kutafuta tiba, kwani maradhi yalikuwa yakiwamaliza. Baadaye wakatolewa damu, na ndani yake ikaonekana aina ya virusi vya HTLV-1. Machi 1995, serikali ya Marekani ikapewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya chembe zilizokuzwa kutokana na damu ya kijana mmoja wao. Mtafiti aliyeishi nao alijitetea kwamba alizungumza nao na kwamba mapato wangegawiwa. Dunia ikapiga kelele, na mwaka 1996 Marekani ikaiachilia hataza hiyo.

Mzozo ule ulihusu umiliki, lakini kuna haki nyingine isiyosemwa sana: haki ya kupewa jawabu. HTLV-1 hupita kwa maziwa ya mama, kwa kujamiiana na kwa damu. Wengi wanaoibeba hawaugui kamwe, ila wachache hupata saratani ya damu au kupooza miguu, na dawa ya kuviondoa virusi hivyo mwilini haipo. Mama anayejua hali yake anaweza kushauriwa kuhusu kunyonyesha. Asiyeambiwa hana la kuamua.

Sisi wa Pwani hatuko mbali na habari hii. Kilifi imekuwa na kituo cha utafiti wa tiba tangu 1989, na Lamu tuna ndugu zetu Waboni, waliozoea maisha ya msituni tangu jadi. Atakapokuja mtu na sindano, tumuulize mapema: damu inakwenda wapi, itakuwa mali ya nani, na majibu yatarudi lini, kwa lugha gani? Wasan wa Afrika Kusini hawakungoja kuulizwa. Mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe ambazo kila mtafiti anatakiwa kuzifuata kabla ya kuanza kazi kwao.

Damu iliyotolewa ni amana. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apimwe, kisha asahauliwe.