CHUO CHA DUNIA, ADA YA NANI?



Tangu mmoja wenu atume kundini picha ya chuo cha Wahindi kule Bweleo, Unguja, maneno hayajakatika. Wengine wameshangilia, wengine wametukana. Kamati ya Tawi haiwezi kunyamaza, maana pande zote mbili zimeliacha jambo lenyewe.

Chuo hicho ni IIT Madras. Makubaliano yalitiwa saini Julai 2023 na masomo yakaanza mwaka huohuo, tawi la kwanza la IIT nje ya India. Kinafundisha sayansi ya data na akili mnemba. Hatuna ugomvi na elimu hiyo wala na Wahindi. Watu wa visiwa hivi walisoma Makerere, Cairo na Khartoum, na hakuna aliyerudi ameota mkia.

Ugomvi wetu ni wa hesabu. Ada iliyotangazwa mwaka ule kwa shahada ya kwanza ni dola 12,000 kwa mwaka. Wekeni dola kwa shilingi 2,500: milioni 30. Miaka minne, milioni 120. Tuseme kwa lugha ya kwetu. Mkulima akiuza karafuu kavu kilo kwa 15,000, anahitaji kilo 2,000 kila mwaka kwa mtoto mmoja tu, na hapo hajalipa wachumaji, hajanunua majamvi, hajala. Nani hapa tawini ana shamba hilo? Na nafasi zilizotangazwa zilikuwa 50 za shahada ya kwanza na 20 za uzamili, zikigombaniwa na watu wa mataifa yote.

Tutaambiwa kuna ufadhili. Alhamdulillahi. Basi itangazwe: waliofadhiliwa ni wangapi, kati yao Wapemba wangapi, na nani kalipa. Ikiwa ni Serikali, hiyo ni kodi yetu.

Msidhani mchezo huu umeanzia Bweleo. Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo. Miaka ya themanini wakaja wataalamu wa Benki ya Dunia na hesabu zao: chuo kikuu Afrika hakilipi, fedha zipelekwe shule za msingi. Kufika miaka ya tisini Tanzania ikaanza uchangiaji wa gharama vyuoni. Kisha mwaka 2000 jopo lililoitishwa na Benki hiyohiyo pamoja na UNESCO likaandika kuwa hesabu zile zilikuwa finyu mno. Walioumia katikati hapo hakuna aliyewarudishia kitu. Sasa tunaambiwa elimu ya juu ni biashara ya kimataifa, anayetaka alipe kwa dola.

SUZA ilipata sheria yake 1999 na kuanza kufundisha 2001. Ndicho chuo cha umma cha Zanzibar, na kina kampasi hapa Pemba, Mchangamdogo. Ni wangapi kati yenu mliotuma picha ya Mchangamdogo? Viongozi nao hupenda kukata utepe penye mgeni. Na tusijidharau: wageni wa nchi nyingi wamekuja TAKILUKI, iliyoanzishwa 1979 na leo imo ndani ya SUZA, kutafuta Kiswahili. Kwa hiyo nasi tuna cha kuuza katika soko hili la dunia, tena kizuri.

Tunachodai ni hiki. Nafasi maalumu Bweleo kwa watoto wa Zanzibar, Pemba ikiwa na fungu lake lililoandikwa. Na kila shilingi ya umma inayokwenda kule ionekane kwenye bajeti kando ya ile inayokwenda Mchangamdogo, ili tulinganishe wenyewe.

Mzazi mwenye kijana aliyemaliza kidato cha sita akakosa chuo au mkopo, alete jina na matokeo yake ofisi ya tawi kabla ya Ijumaa. Orodha tutampelekea Mwakilishi wetu kwa maandishi aulize Barazani, na nakala itabaki tawini.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati