Gangsta Ndiye Serikali: Pawan Kalyan, OG na Tikiti ya Rupia 1,000

Tarehe 21 Septemba 2025, uwanja wa LB, Hyderabad. Mvua inanyesha ile ya kulowesha mpaka soksi. Vijana wamejaa, simu ziko juu. Jamaa anatokea jukwaani ameshika katana, ule upanga mrefu wa masamurai, na uwanja unawaka.

Anaitwa Pawan Kalyan. Kama humjui, mashabiki wake wanamwita Power Star na wakimtaja hawacheki. Lakini huyo msee pia ndiye Naibu Waziri Kiongozi wa jimbo la Andhra Pradesh, lenye watu karibu milioni 50. Si kitu alikuwa zamani, na si ndoto ya uchaguzi ujao. Ni kazi yake ya sasa. Ako na ofisi, ako na walinzi, na mafaili ya mazingira na misitu yako kwa meza yake. Siku nne baadaye, muvi yake ya magangsta, They Call Him OG, ikaingia kwa sinema India nzima.

Muvi tutaiongelea, tulia. Lakini kitu kilinishika mimi ni bei ya tikiti na nani aliiruhusu.

Story ya OG ni hii. Bombay ya zamani. Mzee anaitwa Satya Dada (Prakash Raj) amejenga bandari, na kando yake kuna kijana mmoja hatari, Ojas Gambheera, aliyetoka Japan baada ya ukoo wa masamurai waliomlea kuchinjwa. Kitu kinaharibika, Gambheera anapotea miaka mingi. Halafu kontena yenye mzigo mbaya inafika bandarini, mwenye mzigo anaitwa Omi (Emraan Hashmi, muvi yake ya kwanza ya Kitelugu), na mji unaanza kuungua. Unajua nani anarudi. Kama umekua ukiangalia muvi za kihindi na sauti ya DJ Afro juu yake, plot hii umeshakutana nayo mara kadhaa. Utamu uko kwa vile inapikwa: muziki wa Thaman unaopiga kifua, damu kibao (bodi ya filamu ya India iliipa cheti cha A, watu wazima peke yao), na ile sehemu ya kabla ya mapumziko ambayo hata waliochukia muvi wanakubali ni noma.

Dairekta ni Sujeeth, kijana aliyeanza na filamu fupi kabla ya kupewa Run Raja Run 2014 na Saaho ya Prabhas 2019. Yeye mwenyewe ni shabiki wa Pawan tangu zamani, na inaonekana. Kila kamera inamwangalia Pawan kama mtoto anaangalia babake akirudi na mkate.

Sasa cheki vile ilitengenezwa. Kupiga picha kulianza Aprili 2023. Septemba hiyo hiyo, kwa birthday ya Pawan, wakatoa kipande kidogo cha kutamanisha watu na mtandao ukalipuka. Siku 12 baadaye Pawan alikuwa nje ya gereza la Rajahmundry. Alikuwa ametoka kumwona Chandrababu Naidu, mwanasiasa mkongwe aliyekuwa amefungiwa ndani, na hapo hapo akatangaza kwamba vyama vyao vitaungana. Kuanzia hapo seti ikawa mayatima. Kampeni zikaanza. OG ilikuwa itoke 27 Septemba 2024, ikasukumwa mwaka mzima. Na haikuwa peke yake, kulikuwa na muvi tatu za Pawan zimekaa zikimngoja, moja, Hari Hara Veera Mallu, ikiwa imeanza 2020.

Alikuwa wapi? Alikuwa anashinda. 2019 alisimama viti viwili akaanguka vyote viwili, na chama chake Jana Sena kikapata mbunge mmoja tu wa jimbo. 2024 kikasimamisha watu 21 na wote 21 wakapita. Naidu akawa Waziri Kiongozi, Pawan akawa naibu wake. Baada ya hapo Sujeeth alilazimika kuiba siku za mheshimiwa katikati ya mikutano ya serikali, mpaka wakamaliza Julai 2025. Ukiangalia muvi kwa makini utaona alama zake: watu wengi wanaongea juu ya OG kuliko OG mwenyewe anavyoongea. Wanamwogopa, wanamsimulia, wanamngoja. Ni njia ya kuandika hadithi, sawa, lakini pia ni njia ya kutengeneza muvi ya staa ambaye ana cabinet kesho asubuhi.

Na usidhani Pawan ameanzisha hii mchezo. Huko, staa kuingia siasa ni barabara ya lami. N.T. Rama Rao, aliyecheza miungu kwa sinema, alianzisha chama Machi 1982 na kufikia Januari 1983 alikuwa Waziri Kiongozi. Naidu wa leo ni mkwe wake. Chiranjeevi, kaka mkubwa wa Pawan, alijaribu 2008 na chama chake, hakikufika mbali.

Haya, tikiti. Hapa ndio nataka ukae vizuri.

Andhra Pradesh, serikali ndiyo inaamua bei ya juu kabisa ya tikiti ya sinema. Aprili 2021, serikali ya wakati huo ya Jagan Mohan Reddy, mpinzani mkali wa Pawan, ilitoa agizo la kushusha bei. Kwa sinema za vijijini zisizo na AC, tikiti ya chini ikawa rupia 5. Hiyo ni kama bob 7. Agizo likaja wakati gani? Wiki ile ile muvi ya Pawan, Vakeel Saab, ilikuwa inatoka. Februari 2022 akatoa Bheemla Nayak, bei bado iko chini. Siku chache baada ya hapo, Machi, serikali ikapandisha bei. Mashabiki wa Pawan walisoma hapo ujumbe mmoja tu: jamaa anafinywa. Yeye mwenyewe alisimama jukwaani akalalamika kwamba serikali haina haja kuingilia biashara ya sinema.

Fast foward hadi 2025. Sasa Pawan ndiye namba mbili wa serikali hiyo. Agizo linatoka: onyesho la mapema la OG, lile huitwa benefit show, tikiti rupia 1,000. Kwa pesa zetu, karibu 1,450 bob. Halafu kwa siku kama kumi za kwanza, nyongeza ya rupia 125 kwa sinema za kawaida na 150 kwa multiplex.

Tuwe wakweli, si OG peke yake ilipewa. Muvi kubwa zote huomba na nyingi hupewa, Pushpa 2 ikiwemo. Na kuna hesabu nyuma yake. Mtayarishaji huuza muvi kwa wasambazaji kulingana na eneo, na wao hulipa pesa nyingi mapema kabla tikiti moja haijauzwa. Hiyo pesa lazima irudi haraka, wikendi ya kwanza, kabla wezi wa mtandao hawajaiweka bure. Kwa hivyo wanamkamua yule hawezi kungoja. Na nani hawezi kungoja? Shabiki sugu, kijana mwenye doh kidogo zaidi kuliko wote, ambaye kesho mtaani atadharauliwa kama hajaona. Jina lenyewe benefit show lilitoka enzi ambapo pesa ya maonyesho kama hayo ilienda kwa msaada. Siku hizi anayesaidiwa ni mwenye muvi.

Lakini shida haikomi kwa mfuko. Rudi nyuma miezi tisa tu kabla ya OG.

Tarehe 4 Desemba 2024, usiku, sinema ya Sandhya, Hyderabad. Ni onyesho la mapema la Pushpa 2, muvi nyingine ya Kitelugu ya jambazi, yule wa kusafirisha miti ya thamani kutoka msituni. Serikali ya Telangana, jimbo jirani lililokatwa kutoka Andhra 2014, ilikuwa imeruhusu tikiti iongezwe rupia 800. Staa Allu Arjun akafika. Watu wakasukumana kumwona. Mama wa miaka 35 akafa hapo, na mtoto wake wa kiume akabebwa hospitali akiwa mahututi. Yule mtoto alikaa hospitali karibu miezi mitano. Pushpa 2 ilikuwa imevuka rupia bilioni 10 ndani ya siku sita.

Allu Arjun akakamatwa 13 Desemba, Mahakama Kuu ikampa dhamana siku hiyo hiyo, karatasi zikachelewa akalala ndani usiku mmoja. Waziri Kiongozi wa Telangana, Revanth Reddy, akasema bungeni kwamba staa alienda pale licha ya polisi kukataa. Staa akakana usiku huo huo. Familia ikapewa rupia milioni 20 na staa, dairekta na watayarishaji. Serikali ya Telangana ikatangaza: hakuna benefit show tena.

Na Pawan alisema nini? Wao ni familia, kumbuka, shangazi ya Allu Arjun ameolewa na Chiranjeevi. Familia yenye moshi kidogo pia, juu Mei 2024 Allu Arjun alienda kumpigia debe rafiki yake wa chama cha Jagan, wakati ukoo mzima uko nyuma ya Pawan. Agosti hiyo, Pawan akiwa waziri wa misitu, akasema zamani mahero wa sinema walilinda msitu, siku hizi hero ni yule anaukata na kuuza. Hakutaja Pushpa. Hakukuwa na haja. Baada ya kifo cha Sandhya, alisema polisi walifanya kazi yao na kwamba upande wa staa ungewahi kwa hiyo familia mapema.

Maneno ya busara, nampa hiyo. Lakini siku chache baadaye, Januari 4, 2025, Pawan alikuwa mgeni mkuu kwa sherehe ya muvi ya mpwa wake Ram Charan, Game Changer, huko Rajahmundry. Vijana wawili waliotoka pale wakirudi nyumbani na pikipiki wakafa barabarani. Familia zao zikaahidiwa pesa. Pawan akalaumu serikali iliyopita kwa kuacha barabara mbovu.

Hapo sasa nauliza, na si kwa ubaya. Shabiki akifa kwa sherehe ya staa, watu wanauliza serikali ilikuwa wapi. Na kama staa ndiye serikali? Polisi wanaopaswa kumwambia "mheshimiwa, leo usifike, watu ni wengi" ni polisi wa serikali yake. Anayepaswa kusema tikiti ni ghali ni wenzake wa cabinet. Jagan alimfinya kwa bei, hilo lilikuwa baya. Lakini wakati ule kulikuwa na mtu wa kupiga kelele, na mtu huyo alikuwa Pawan. Leo Andhra kelele hizo atapiga nani mwenye sauti kama yake?

Telangana ndio ilionyesha kidogo. Ile ahadi ya hakuna benefit show tena haikumaliza mwaka. Septemba 2025 OG ikaruhusiwa kuonyeshwa tarehe 24 saa tatu usiku, rupia 800. Mtu akaenda kortini, Mahakama Kuu ikasimamisha nyongeza ya bei, na vuta nikuvute ikaendelea huku watu tayari wako kwa viti na popcorn imeisha. Hata hivyo watayarishaji walitangaza zaidi ya rupia bilioni 1.5 siku ya kwanza dunia nzima. Kwa Pawan hiyo ni rekodi yake. Baada ya wikendi moto ukapungua, vile hutokea kwa muvi iliyotengenezewa siku nne za kwanza.

Na kama unaona hii ni mambo ya mbali, mwezi huo huo wa Septemba watu wa sinema ya Kitelugu walikuwa hapa kwetu. S.S. Rajamouli, yule wa RRR, alipiga picha muvi yake mpya ya Mahesh Babu huku Kenya, Maasai Mara ikiwemo, na Musalia Mudavadi akakutana naye na kuposti mapicha. Mtayarishaji wa RRR, DVV Danayya, ndiye huyo huyo aliyetoa OG. Kwa hivyo hii mbogi tutazidi kuiona, na ni poa kujua nyumbani kwao mambo huenda vipi kabla hatujaanza kuwapigia makofi tu.

OG ukitaka kuiona, mimi nasema iangalie. Emraan Hashmi anaogopesha bila kupaza sauti, na Pawan akiamka na ule upanga hata wewe mpinzani wake utasimama. Mwisho umeachwa wazi kwa sehemu ya pili, kama mheshimiwa atapata nafasi. Iko Netflix tangu 23 Oktoba 2025. Yule kijana wa Vijayawada aliyelipa rupia 1,000 kuiona usiku wa kwanza alilipia kutangulia wiki nne.