Debe tupu linapouzwa kwa bei ya muziki

Katika maduka ya vyombo vya umeme ya miji yetu ya mpakani, spika huuzwa kama ng'ombe mnadani, kwa ukubwa wa mwili. Mnunuzi hutazama urefu wa boksi, idadi ya matundu ya mbele na taa zinazowaka rangi tatu, kisha husoma tarakimu kwenye katoni. Pakiandikwa wati 5,000, anaamini kapata wati 5,000. Muuzaji naye hufungulia sauti mpaka vioo vya dirisha vitetemeke, na biashara imekwisha. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali moja la maana: je, sauti ya mwimbaji inatoka kama sauti ya binadamu?

Swali hilo linawahusu zaidi watu wa makundi mawili. La kwanza ni ndugu zetu wanaorejea nyumbani baada ya miaka mingi ughaibuni, ambao hufunga mizigo Brussels au Toronto huku wakijiuliza wabebe nini na waache nini. La pili ni wafanyabiashara wanaochukua mali Kariakoo, Kampala au Dubai na kuivusha Rusumo, Kabanga au Mutukula. Hawa kwa kiasi kikubwa ndio wanaoamua sebule zetu zitasikia nini. Hoja yangu kwao ni hii: kwa sebule ya kawaida, spika ndogo iliyotengenezwa kwa umakini ni bora kuliko boksi kubwa la kelele, na anayejifunza kuuza au kununua kwa sikio atapata faida ambayo tarakimu za katoni haziwezi kumpa.

Tuanze na tarakimu zenyewe. Kwenye katoni nyingi utakuta herufi nne, PMPO. Herufi hizo husimamia kilele cha nguvu ambacho mashine inadaiwa kufikia kwa muda wa kufumba na kufumbua, na hakuna kipimo cha pamoja kinachowalazimisha watengenezaji wote kuhesabu kwa njia moja. Kila mmoja hujiandikia anachotaka. Kipimo chenye maana zaidi ni nguvu ya mfululizo, ambayo kwa kawaida huandikwa RMS. Wamarekani waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1974 mamlaka yao ya biashara iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, maana mashindano ya kuandika tarakimu za ajabu yalikuwa yamevuka mpaka.

Kuna jaribio ambalo halihitaji fundi. Geuza mashine nyuma, usome kibandiko kinachotaja umeme inaoutumia kutoka ukutani. Mashine inayokula wati 60 haiwezi kutoa wati 5,000 za muziki mfululizo. Hizo nyingine zingetoka wapi? Hata wati zikiwa za kweli, bado hazimaanishi kile tunachodhani. Ukizidisha nguvu mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, na ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji takriban mara kumi ya nguvu ya mwanzo. Kwa hiyo anayelipa zaidi ili atoke wati 50 aende wati 100 ananunua tofauti ndogo mno. Wahenga hawakukosea waliposema debe tupu haliachi kuvuma.

Sasa tuitazame spika ndogo, na mfano bora ni ule uliotoka Uingereza. Shirika la BBC, lile ambalo Idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1957, lilikuwa na tatizo katika magari yake ya kurushia matangazo nje ya studio. Ndani ya gari hakuna nafasi ya boksi kubwa, lakini mhandisi anatakiwa ajue kama sauti ya mtangazaji inakwenda sawasawa. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa idara ya utafiti ya shirika hilo walitengeneza spika waliyoiita LS3/5A. Urefu wake ni kama sentimita 30, upana 19 na kina 16. Hata rafu ya vitabu inaitosha.

Spika hiyo haikubuniwa ili ipendwe na wateja wa madukani. Ilibuniwa iseme kweli, kwa sababu mhandisi anayedanganywa na spika yake atarusha hewani kitu kibovu. Waliijaribu kwa sauti ya maneno ya watu, kwa vile sikio la binadamu halidanganyiki kirahisi juu ya sauti ya binadamu mwenzake. Boksi lilikuwa la plaiwudi ya mti wa birch yenye unene wa milimita 12, limefungwa bila tundu na kubandikwa vitu vya kuzima mtetemo ili mbao zisiimbe pamoja na mwimbaji. Ndani yake ziliwekwa koni ya wufa na twita za kampuni ya KEF, na krosova iliyopangwa kwa hesabu kali kugawa sauti kati yao. Kampuni kadhaa, zikiwemo Rogers, Spendor na Harbeth, zilipewa leseni ya kuitengeneza, na hadi leo wapo wapenzi wa muziki wanaoitafuta kama watafutao lulu.

KEF wenyewe walilirudia wazo hilo mwaka 2012, katika kuadhimisha miaka yao 50. Walitoa LS50, spika ya kimo kile kile cha sentimita 30, ambayo twita yake imewekwa katikati kabisa ya koni ya wufa ili sauti zote zitoke mahali pamoja. Nchini Marekani jozi yake ilianza kwa dola 1,500. Najua msomaji ameshtuka. Fedha hizo kwetu ni mtaji wa duka. Simwambii mtu auze shamba anunue spika. Ninachosema ni kwamba sifa zinazoifanya spika ya dola 1,500 kuwa nzuri ndizo hizo hizo unazopaswa kuzitafuta kwenye spika ya dola 100, mpya au iliyotumika.

Sifa ya kwanza ni boksi lililokaza. Ligonge kwa kifundo cha kidole. Likijibu kwa sauti fupi iliyokufa, ni dalili njema. Likilia kama ndoo, litalia hivyo hivyo muziki ukipigwa. Sifa ya pili ni uwiano. Zima vitufe vyote vya kuongeza besi, weka sauti ya kiasi, sikiliza. Hapa kwetu hatuna haja ya kutafuta muziki wa mbali. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, ni mtihani tosha. Kuna gitaa la solo, la mi-solo na la ridhimu, na besi chini yake. Spika nzuri inakuwezesha kulifuata kila gitaa peke yake kama unavyomfuata mtu mmoja kwa macho sokoni. Spika mbovu huyachanganya yote yakawa uji.

Mtihani mgumu zaidi ni inanga ya Burundi inayopigwa kwa sauti ya kunong'ona. Mwimbaji hatoi sauti kamili. Ananong'ona, na nyuzi ndizo zinazompa sauti yake. Ukiipiga kwenye boksi la taa tatu, mnong'ono wote humezwa na mvumo wa nyuzi, na maneno, ambayo ndiyo yenye hadithi, hupotea. Ukiipiga kwenye spika ndogo iliyo aminifu, mzee yumo chumbani nawe. Jambo hili si la anasa. Kanda na rekodi za wazee wetu ndizo hizo hizo zilizobaki, wengi wa waimbaji wametangulia mbele ya haki, na mtoto aliyezaliwa Ulaya anayerudi leo atawajua kupitia spika tu. Tukimpa spika inayotafuna maneno, tutamlaumu vipi asipoipenda lugha?

Wapo watakaouliza: na besi je? Swali ni la haki na halipaswi kukwepwa. Besi ni hewa inayosukumwa. Ukishuka nusu ya mtetemo, koni inatakiwa isogee mara nne zaidi ili sauti ibaki na ukubwa ule ule, na koni ndogo haina pa kusogea kiasi hicho. Boksi dogo, besi ya chini kabisa na sauti kubwa kwa wati chache ni vitu vitatu ambavyo fizikia haikuruhusu kuvipata pamoja, utachagua viwili. LS3/5A ilichagua udogo, ikaacha ngurumo. Hutoa kama desibeli 83 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Ukiipa wati 25 utapata takriban desibeli 97 kwa umbali huo, ambazo kwa sebule ni nyingi kupita haja, kwa kuwa mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Lakini ngoma za kifalme za Burundi haziwezi, na harusi ya uani haiwezi. Kwa kazi hizo kodisha vyombo vya ukumbi. Kosa letu ni kununua chombo cha ukumbi tukakifungia chumbani, halafu jirani asilale.

Isitoshe, nyumba zetu zenyewe zinapendelea spika ndogo. Kuta za saruji, sakafu ya vigae na bati juu hurudisha besi kama mwangwi wa pangoni. Boksi kubwa huongeza tatizo. Spika ndogo ukiisogeza karibu na ukuta hupata besi ya nyongeza bila gharama, na ikizidi unaivuta mbele kidogo. Tandika zulia, ning'iniza pazia zito, inua spika zifike usawa wa masikio ya aliyeketi. Hayo yatakupa muziki mzuri kuliko wati nyingine mia.

Kwa anayerejea, ushauri wangu ni huu. Spika isiyo na amplifaya ndani haichagui umeme. Iliyotumika Chicago itatumika Kigali bila transfoma, kwa sababu haichomekwi ukutani. Amplifaya ya Marekani ni habari nyingine: kule umeme ni volti 120, kwetu ni 220 hadi 240, na ukiichomeka bila kusoma kibandiko utasikia harufu badala ya muziki. Kwa hiyo mara nyingi ni busara kuleta spika na kutafuta amplifaya huku. Tafuta iliyo na nguvu ya kweli, maana amplifaya dhaifu inayolazimishwa kupiga kelele hukoroga sauti na kuunguza twita. Tena, fika forodhani na orodha ya vitu vyako. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina nafuu kwa vyombo vya nyumbani vilivyotumika vya mtu anayehamia, ikiwa masharti yametimizwa. Jozi sita mpya ndani ya katoni si vyombo vya nyumbani, hata ukiapa.

Kwa mfanyabiashara, kwanza jifunze kukagua spika zilizotumika. Bonyeza taratibu ukingo unaoizunguka koni. Ukingo wa sponji huoza kwa miaka, hasa penye joto na unyevu, ukawa unga mkononi; ukingo wa mpira hudumu zaidi. Sukuma koni polepole kwa vidole vyote: ikikwaruza ndani, iache. Pili, fikiria unachokisafirisha. Sehemu kubwa ya mzigo wako ni boksi, yaani mbao na hewa, na unailipia nafasi kwenye lori kutoka bandarini hadi mpakani. Maseremala tunao, wanaojua kuunganisha mbao bila kuacha mwanya. Spika tupu na krosova zake vingeweza kuja katika katoni ndogo, na boksi likakatwa hapa kwa vipimo. Biashara hiyo ingeacha fedha kidogo mtaani kwetu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, weka kiti dukani. Mwache mteja aketi dakika kumi na wimbo anaoujua yeye, kwa sauti ya kiasi, asikilize boksi kubwa kisha asikilize dogo. Usimwambie lolote. Mteja aliyechagua kwa sikio lake harudi na malalamiko wiki ya pili, na akirudi huja na shemeji yake. Aliyenunua tarakimu atagundua siku moja kwamba tarakimu hazikuimba, na siku hiyo atakumbuka ni nani aliyemuuzia.

Mipaka yetu imeona bidhaa nyingi zilizong'aa kwenye katoni na kufa kabla ya msimu. Fedha iliyopotea ilikuwa karo ya mtoto au mbolea ya shamba. Kwa spika angalau dawa tunayo, imebandikwa pande mbili za kichwa na haitozwi ushuru. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji apunguze sauti, kisha sikiliza kama mwimbaji bado yumo.